Mkaguzi Mlangoni: Halmashauri za Uingereza Zilivyokabili Kero za Afya Baada ya Vita

Siku ya Ijumaa, tarehe 5 Desemba 1952, jiji la London lilifunikwa na ukungu mzito uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe. Hali hiyo ilidumu hadi tarehe 9 ya mwezi huo. Mabasi yalisimama, wagonjwa walifikishwa hospitalini kwa taabu, onyesho la opera lilikatizwa kwa kuwa watazamaji hawakuweza kuliona jukwaa, na baadhi ya ng'ombe walioletwa katika maonyesho ya mifugo walikufa kwa kushindwa kupumua. Makadirio ya wakati ule yalitaja vifo vipatavyo 4,000. Watafiti waliorejea takwimu hizo miaka mingi baadaye walikadiria kuwa huenda waliokufa walifika 12,000.

Hata hivyo, London haikukosa sheria wala wakaguzi. Kila halmashauri ilikuwa na watumishi waliolipwa kutafuta moshi, uvundo, takataka na kila jambo lililohatarisha afya. Kilichokosekana ni mamlaka juu ya kitu kimoja: dohani la nyumba ya kuishi. Mkaguzi aliweza kumwajibisha mwenye kiwanda, lakini sheria haikumruhusu kumgusa mwananchi aliyewasha moto sebuleni ili kuotesha watoto wake. Mameko hayo madogo, kwa mamia ya maelfu, ndiyo yaliyochangia sehemu kubwa ya moshi ulioua.

Tukio hilo linatoa mwanga juu ya huduma ambayo wananchi wengi huiona inapofika mlangoni kwao tu: ukaguzi wa afya unaofanywa na halmashauri. Historia ya Uingereza kati ya mwaka 1945 na 1974 inaonyesha jinsi ukaguzi huo ulivyofanya kazi, mahali ulipokwama, na sharti lililoufanya ufanikiwe.

Kazi moja, majina manne

Asili ya kazi hii ni karne ya 19, wakati miji ya viwanda ya Uingereza iliposhambuliwa na kipindupindu na homa ya matumbo. Mji wa Liverpool, kwa sheria yake ya mwaka 1846, ulikuwa wa kwanza kuwa na daktari wa afya wa mji, Dkt. William Henry Duncan, aliyeanza kazi Januari 1847. Pamoja naye alikuwapo Thomas Fresh, aliyejulikana kwa cheo cha Mkaguzi wa Kero. Tangu hapo wawili hao, daktari na mkaguzi, wakawa nguzo mbili za afya ya mji.

Baadaye cheo cha Mkaguzi wa Kero kilibadilika na kuwa Mkaguzi wa Usafi. Mwaka 1956 Bunge lilipitisha sheria maalumu iliyobadili jina hilo kuwa Mkaguzi wa Afya ya Umma. Mwaka 1974, serikali za mitaa zilipopangwa upya, akawa Afisa Afya ya Mazingira. Majina yalibadilika, lakini msingi wa kazi ulibaki: kuingia, kuona, kuandika, kuelekeza na, inapobidi, kushtaki.

Huduma ya Taifa ya Afya ilipoanzishwa mwaka 1948, hospitali ziliondolewa mikononi mwa halmashauri. Ukaguzi haukuondolewa. Ulibaki katika miji na katika halmashauri za wilaya, za mijini na za vijijini, ambazo pamoja zilikuwa zaidi ya 1,000. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Mtaro uliopasuka, choo kilichofurika na bucha lenye nzi ni mambo ya mtaa, na huhitaji mtu anayeufahamu mtaa.

Kero ni nini kisheria

Katika mazungumzo ya kawaida, kila linaloudhi huitwa kero. Sheria haikuruhusu tafsiri pana kiasi hicho. Kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1936, iliyotumika England na Wales nje ya London, jambo liliitwa kero ikiwa lilidhuru afya, au lilielekea kuidhuru, au lilisumbua kupita kiasi kinachovumilika kisheria. London yenyewe ilikuwa na sheria yake ya mwaka huohuo, yenye mwelekeo unaofanana.

Sheria ilitaja makundi ya kero hizo: jengo lililo katika hali mbaya, mnyama anayefugwa mahali au kwa namna inayodhuru, lundo la taka au uchafu, vumbi na harufu itokanayo na biashara, na mahali pa kazi pasipo hewa, pachafu au palipojaa watu kupita kiasi. Moshi ulikuwa na vifungu vyake, na humo ndimo dohani la nyumba ya kuishi lilipoachwa nje.

Sheria hiyo haikuiruhusu halmashauri kukaa ofisini ikisubiri malalamiko. Iliitaka ikague eneo lake mara kwa mara ili kuzigundua kero. Kwa maneno mengine, ukaguzi ulikuwa wajibu wa halmashauri, wala haukuwa hisani kwa wakazi.

Kutoka mlangoni hadi mahakamani

Utaratibu ulikwenda kwa ngazi. Kwanza, mkaguzi alifika na kuona kwa macho yake. Ikiwa alitaka kuingia katika nyumba ya kuishi kwa nguvu ya sheria, alitakiwa kutoa taarifa saa 24 kabla. Akikataliwa, aliomba hati kwa hakimu. Ndani ya nyumba alipima unyevu ukutani kwa kuuangalia na kuugusa, akatazama paa, sakafu na madirisha, kisha akaelekea uani. Aliposhuku mtaro, aliweza kumimina maji yenye rangi chooni na kuangalia yanakotokea, au kupuliza moshi ndani ya bomba ili uonyeshe palipopasuka.

Pili, alitafuta mhusika. Kero iliyotokana na kitendo au uzembe wa mtu ilimwangukia mtu huyo. Iliyotokana na ubovu wa jengo lenyewe ilimwangukia mwenye nyumba, wala si mpangaji. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu mpangaji maskini alikuwa rahisi kulaumiwa kwa unyevu uliotoka katika paa ambalo hakulijenga na hakuwa na uwezo wa kuliezeka upya.

Tatu, mara nyingi ilitangulia barua ya kawaida isiyo na makali ya kisheria, ikieleza tatizo na kuomba lirekebishwe. Kesi nyingi ziliishia hapo. Barua isipojibiwa, ilifuata notisi rasmi ya kuondoa kero, yenye maelezo ya kazi inayotakiwa na muda wa kuikamilisha.

Nne, notisi ikipuuzwa, halmashauri ilipeleka shauri kwa mahakimu, nao wakitosheka na ushahidi walitoa amri. Aliyekaidi amri alitozwa faini, na faini nyingine kwa kila siku kero ilipoendelea. Halmashauri nayo iliweza kuifanya kazi hiyo yenyewe na kumdai mhusika gharama. Nguvu ya utaratibu huu haikuwa katika ukubwa wa faini, bali katika uhakika wake: aliyepokea barua ya kwanza alijua ngazi inayofuata, na aliyefuata baada yake.

Nyumba zilizochoka

Vita vilipomalizika mwaka 1945, miji mingi ilikuwa imebomolewa na mabomu, na nyumba zilizosalia hazikuwa zimekarabatiwa kwa miaka. Sensa ya mwaka 1951 ilionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya kaya za England na Wales hazikuwa na bafu lililojengwa ndani. Katika miji kama Leeds na Birmingham zilikuwapo safu za nyumba zilizojengwa kwa kupeana migongo, zisizo na dirisha la nyuma wala uwazi wa kupitisha hewa, na wakazi wake walichangia vyoo vya nje.

Katika hali hiyo mkaguzi alikumbana na kikwazo ambacho notisi haikuweza kukiondoa. Kodi za nyumba zilikuwa zimezuiwa na sheria kwa muda mrefu, na wenye nyumba wengi walidai kuwa kodi wanayopokea haitoshi kununua hata vigae vya paa. Wengine walisingizia. Wengine walisema kweli. Notisi iliyopelekwa kwa mtu asiye na fedha ilizaa kesi, lakini haikuzaa paa.

Serikali ilijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ruzuku ya kuboresha nyumba, iliyoanza kwa sheria ya mwaka 1949. Mwaka 1959 ikaongezwa ruzuku ya mahitaji matano ya msingi: bafu au manyunyu, beseni la kunawia, maji ya moto, choo cha maji, na mahali pa kuhifadhi chakula. Njia ya pili ilikuwa kubomoa. Mwaka 1955 halmashauri za England na Wales zilihesabu nyumba zipatazo 847,000 zisizofaa kuishi binadamu. Ripoti za wakaguzi ndizo zilizokuwa msingi wa hesabu hiyo.

Kubomoa kuliwaokoa wengi na unyevu na msongamano, ila kulikuwa na gharama isiyoandikwa katika fomu za ukaguzi. Majirani wa miaka mingi walitawanywa, maduka madogo yalifungwa, na wazee walijikuta katika majengo mapya wasikomjua mtu. Fomu ya ukaguzi ilipima unyevu, mwanga, hewa, maji na mtaro. Haikuwa na nafasi ya kupima ujirani.

Jikoni, buchani na dukani

Chakula kilichukua sehemu kubwa ya siku ya mkaguzi. Katika machinjio alikata tezi za mnyama na kukagua mapafu na ini akitafuta dalili za kifua kikuu na minyoo. Nyama isiyofaa aliikamata na kuipeleka mbele ya hakimu ili iharibiwe kisheria. Sampuli ya chakula iliyochukuliwa kwa ajili ya uchunguzi iligawanywa sehemu tatu: moja alibaki nayo muuzaji, ya pili ilipelekwa kwa mkemia, na ya tatu ilihifadhiwa endapo kungetokea ubishi mahakamani. Hivyo haki ya muuzaji ililindwa sawasawa na afya ya mlaji.

Kanuni za usafi wa chakula zilizotungwa mwaka 1955 zililenga mambo madogo yenye matokeo makubwa. Anayeshika chakula kilicho wazi asivute tumbaku. Kidonda kifunikwe kwa bandeji isiyopenya maji. Pawepo beseni la kunawia mikono, lenye maji ya moto na sabuni.

Umuhimu wa mambo hayo ulionekana mwaka 1964 katika mji wa Aberdeen, Uskoti, ambako zaidi ya watu 500 waliugua homa ya matumbo. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye nyama ya kopo iliyotoka Amerika Kusini, ambayo ilipoozwa kiwandani kwa maji ya mto yasiyotibiwa. Kopo lilipofunguliwa dukani, mashine ya kukatia iligusa nyama hiyo na kisha nyama nyingine, na ugonjwa ukasambaa. Mashine moja isiyosafishwa ilitosha kuubeba ugonjwa huo kutoka mto wa mbali hadi meza za mji mzima.

Panya na kelele

Sheria ya mwaka 1949 iliipa kila halmashauri wajibu wa kuhakikisha, kadiri inavyowezekana, kuwa eneo lake halina panya. Mwenye mahali penye panya wengi alitakiwa kutoa taarifa. Katika miaka ya 1950 ilipatikana sumu mpya iliyoitwa wafarini, nayo ilileta matumaini makubwa. Lakini mwaka 1958 huko Uskoti waligunduliwa panya ambao sumu hiyo haikuwadhuru. Wakaguzi walikumbushwa jambo walilolijua zamani, kwamba panya huondoka pale chakula chake na maficho yake yanapoondolewa. Sumu husaidia, lakini haichukui nafasi ya pipa la taka lenye kifuniko.

Kelele zilichelewa kutambuliwa. Sheria ya mwaka 1960 ndiyo iliyoziingiza kelele na mitetemo katika orodha ya kero za kisheria nchini kote. Ilipiga marufuku vipaza sauti barabarani kati ya saa 3 usiku na saa 2 asubuhi. Muziki wa magari ya kuuza aiskrimu uliruhusiwa kuanzia saa 6 mchana hadi saa 1 jioni tu. Wakazi waliotaka kwenda mahakamani wenyewe kuhusu kelele walipaswa kuwa watatu au zaidi, ili ugomvi wa majirani wawili usigeuzwe kuwa kesi. Sharti hilo lililegezwa mwaka 1974.

Sheria inafika mekoni

Baada ya maafa ya Desemba 1952, serikali iliunda kamati chini ya Sir Hugh Beaver. Mapendekezo yake yalizaa Sheria ya Hewa Safi ya Julai 1956. Kwa viwanda, sheria ilikataza moshi mweusi. Ili kuepuka ubishi kuhusu weusi, wakaguzi walitumia kadi ya Ringelmann, yenye viwango vya rangi kutoka nyeupe hadi nyeusi. Mkaguzi aliilinganisha na moshi uliotoka katika dohani, na moshi uliofikia kiwango cha pili au kukizidi ulihesabiwa kuwa mweusi.

Jambo jipya zaidi lilihusu nyumba. Halmashauri ziliruhusiwa kutangaza maeneo ya udhibiti wa moshi, ambamo hata dohani la nyumba ya kuishi halikuruhusiwa kutoa moshi. Kabla ya tangazo, wakaguzi walipita nyumba kwa nyumba wakihesabu meko na kuandika aina yake. Mwenye nyumba iliyopaswa kubadilishiwa meko alirudishiwa na halmashauri si chini ya sehemu saba kati ya kumi za gharama stahiki, na serikali kuu ilichangia mzigo huo.

Hapo ndipo palipo tofauti kati ya sheria ya mwaka 1936 na ile ya mwaka 1956. Ya kwanza iliogopa kuingia nyumbani kwa mtu. Ya pili iliingia, lakini haikuingia mikono mitupu. Familia iliyoambiwa izime makaa yenye moshi ilionyeshwa pia moto mwingine wa kuotea, na ikasaidiwa kuulipia.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Katika maeneo ya migodi, ambako wachimbaji walipewa makaa ya mawe kama sehemu ya ujira wao, utekelezaji ulikwenda polepole. Umeme na gesi navyo vilisaidia, kwa kuwa watu wengi waliacha makaa kwa hiari yao. Desemba 1962 ukungu mwingine mzito uliifunika London. Safari hii vifo vilihesabiwa kwa mamia. Bado vilikuwa vingi, lakini havikuwa maelfu ya miaka kumi iliyotangulia.

Halmashauri inapokuwa mkosaji

Liko swali ambalo wananchi wa kila nchi huliuliza: nani amkague mkaguzi? Katika miaka hiyo halmashauri za Uingereza zilikuwa pia wenye nyumba wakubwa, na hazikuweza kujipelekea notisi zenyewe. Sheria ya mwaka 1936 iliacha mlango wazi. Mtu aliyedhuriwa na kero aliweza kwenda kwa mahakimu mwenyewe, bila kuipitia halmashauri.

Mlango huo ulitumiwa na mpangaji mmoja wa Salford, aliyeishi katika nyumba ya halmashauri iliyokuwa ikisubiri kubomolewa. Halmashauri ilijitetea kuwa nyumba hiyo ilikuwa katika mpango wa kubomoa. Shauri lilipanda hadi Baraza la Malodi katikati ya miaka ya 1970, na halmashauri ikashindwa. Nyumba inayosubiri kubomolewa bado ina watu ndani yake, na kusubiri hakuondoi haki yao ya kutodhuriwa.

Urithi unaoonekana hata hapa

Msomaji wa Afrika Mashariki ataona kuwa ngazi hizi si ngeni kwake. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, ambayo asili yake ni ya mwaka 1921, inazungumzia kero, notisi na mahakama kwa mpangilio unaofanana na huo. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, ambayo nayo inashughulikia kero na mamlaka ya ukaguzi. Mtumishi ambaye wananchi wamemwita bwana afya kwa vizazi kadhaa ni ndugu wa kazi wa yule Mkaguzi wa Kero wa Liverpool.

Kwa hiyo bwana afya anapobisha hodi, mwenye nyumba ana haki ya kujua mambo matatu: ni kero gani iliyoonekana, ni nani anayewajibika kuiondoa, na ni muda gani aliopewa. Notisi nzuri hujibu yote matatu kwa maandishi. Naye mwananchi anayeona mtaro umepasuka au lundo la taka linakua hana sababu ya kungoja ziara ya ukaguzi. Taarifa yake kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, ikitaja mahali na siku, ndiyo ngazi ya kwanza.

Kwa upande wa halmashauri, funzo la miaka ile ni zito zaidi. Wakazi wa London waliokufa mwaka 1952 hawakukosa wakaguzi, na wenye nyumba wa mitaa iliyochoka hawakukosa notisi. Mambo yalianza kubadilika pale amri ya kuondoa kero ilipofuatana na njia ya kuitekeleza: ruzuku ya bafu, gharama ya meko mapya, pipa lenye kifuniko. Anayeambiwa aache kutumia kisima kichafu lazima aonyeshwe kilicho safi, na kiwe mahali ambapo miguu yake inaweza kufika.